Haki ya Maskini Pembezoni mwa Shamba

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26, imo ibada moja ndogo ambayo wasomaji wengi wa Agano la Kale huipita upesi, kwa kuwa haina bahari iliyopasuka wala moto ulioteremka kutoka mbinguni. Nayo ni ibada ya mkulima aliyechuma malimbuko ya shamba lake, akayatia kapuni, akayachukua hadi mahali patakatifu, na alipofika mbele ya kuhani akatakiwa aseme maneno aliyokwisha kupangiwa na sheria. Mtu angedhani kwamba maneno hayo ni ya kusifu mvua iliyonyesha kwa wakati wake, au rutuba ya udongo, au nguvu za mikono iliyolima. La hasha. Mkulima yule, hali amesimama na kapu la matunda mema, huanza kwa kukiri kuwa baba yake alikuwa Mwarami mwenye kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache, akakaa ugenini, akatumikishwa na kudhulumiwa, hata Mwenyezi Mungu akasikia kilio cha wana wake na kuwafungua. Akiisha kuukumbuka ufukara wa wazee wake ndipo aitajapo nchi njema aliyopewa na kuliweka kapu lake chini. Na amri yaongeza kwamba furaha ya siku hiyo haimhusu peke yake, maana Mlawi asiye na shamba na mgeni akaaye karibu naye sharti washiriki.

Nimeitafakari ibada hiyo msimu huu wa mavuno hapa Muze, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, mahali ambapo barabara itokayo Sumbawanga kupitia Ntendo huuacha ubaridi wa Ufipa juu mlimani na kushuka kwa mapindo hata kuingia katika joto la bonde la Ziwa Rukwa. Ni majira ya mahindi kukaukia shambani, mpunga kupigwa, na ufuta kusimamishwa matita matita ukingoja kukung'utwa; malori hupanda na kushuka, fedha hupita mikononi mwa watu ambao tangu Januari hawakuwa nazo, na makanisani husomwa misa za shukurani. Neno langu ni kwamba dini ya Wayahudi, katika maandiko yake, katika sikukuu zake na katika sala zake, imemfundisha mwanadamu kuwa shukurani ya mavuno ina kipimo chake kwenye ardhi, tena kipimo kinachoonekana kwa macho, na kwamba aliyemaliza kusali bila ya kukitimiza kipimo hicho hajashukuru.

Huenda msomaji akauliza: sisi na Wayahudi tuna nini? Jibu li karibu. Tangu Mapadri Weupe walipoingia Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, Zaburi na habari za Musa zimekuwa sehemu ya malezi ya watoto wa Ufipa. Na ndugu zetu Waislamu, ambao Taurati na Zaburi ni miongoni mwa vitabu wanavyoviamini, wamewajua Nabii Musa, Nabii Daudi, Nabii Ayubu na Nabii Yunus tangu zamani za mababu zao wa pwani. Lakini wengi wetu tumeyasoma mambo hayo kama tarikhi ya watu waliokwisha kupita, ilhali watu wenyewe wako hai, na maandiko hayo kwao ni kalenda ya mwaka, ambayo kila mwezi huwadai jambo la kutenda. Sisemi tuzichukue sikukuu zao na kuzivaa kama nguo ya kuazima. Nasema mwenye jirani mwenye hekima hapati hasara kuketi barazani pake na kusikiliza.

Kwanza lile neno la kutangatanga. Masimulizi ya kale ya Ufipa, ambayo mwanaelimu Mwingereza Roy Willis aliyakusanya na kuyaandika kwa uangalifu, husema kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni na makao yake yakawa Milansi. Na kwamba baadaye, mfalme wa Milansi akiwa ametoka kwenda kuwinda, wakatokea wageni, wanawake wa ukoo wa Twa, wakakikalia kiti cha enzi. Na mfalme aliporudi, baada ya maneno, mapatano yakawa kwamba wageni watawale nchi na wenye asili wabaki na Milansi na heshima yake. Katika ukoo huo wa Twa ndimo zilimotoka enzi mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile. Basi kama ni hivyo, Mfipa naye akibeba kapu lake la ulezi anaweza kwa haki kabisa kuanza sala yake kwa kukumbuka ugeni, kwa kuwa dola ya wazee wake iliwekwa na watu wa kuja waliopokewa. Nalitaja hili kwa sababu katika bonde letu lugha ya "mwenyeji" na "mtu wa kuja" imekuwa kali, hasa tangu jamaa zetu Wasukuma walipoingia na ng'ombe wao katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na kila ng'ombe akiingia shamba la mahindi, au shamba likiifunga njia ya ng'ombe kwenda majini, neno hilo hutangulia kabla ya hoja.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mlango wa 19 wa Mambo ya Walawi waamuru kwamba mwenye shamba asivune hadi pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota masuke yaliyomponyoka, wala asichume mizabibu yake hata ikabaki mitupu. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Wanazuoni wa Kiyahudi waliiweka amri hiyo katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliotimizwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, wakalipa jambo hilo kitabu kizima. Walisema kwamba sehemu ya pembeni haina kikomo cha juu, bali isipungue moja katika sitini. Kwa hesabu ya hapa, ekari iliyotoa magunia 15 ya mahindi ingemwachia maskini robo ya gunia. Walisema masuke yakianguka mawili ni ya maskini, yakianguka matatu pamoja mwenye shamba anaweza kuyaokota. Walisema pia kwamba mwenye shamba hana ruhusa ya kuchagua ni maskini yupi apewe, maana kile kilichoachwa si hisani yake tena. Maskini waje wenyewe, wavune wenyewe, kwa zamu zao za asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Na Rabi Shimoni, mmoja wa wanazuoni hao, alieleza kwa nini sehemu hiyo iachwe mwishoni mwa shamba na isiwe popote apendapo mwenyewe. Katika sababu alizotoa mojawapo hunishangaza kwa jinsi inavyomjua mwanadamu: kwamba angeachiwa hiari, mwenye shamba angengoja saa ambayo hapana mtu, akamwita jamaa yake mwenye dhiki na kumwambia, njoo wewe uchukue. Nyingine ni kwamba maskini wasipoteze siku nzima wakikaa macho kungoja lini tajiri atatoa. Hapo utaona kuwa sheria hii haikutosheka na huruma ya moyo. Iliichunguza huruma yenyewe, ikaona kwamba nayo hupendelea, huchelewesha, na hupenda kutazamwa, ikaiwekea mpaka wa kudumu ambao kila apitaye njiani anauona. Ni mara ngapi misaada yetu, hata ile ya chakula cha njaa, imewafikia kwanza watu wa karibu na mgawaji! Laiti wagawaji wangemsoma Rabi Shimoni.

Sikukuu ya Majuma, siku hamsini baada ya kuanza Pasaka, ambayo ni sikukuu ya mavuno ya ngano na pia ya kupewa Torati, huambatana na kusomwa kwa kitabu cha Ruthu katika masinagogi mengi; na Ruthu alikuwa nani? Mjane, fukara, na zaidi ya yote Mmoabi, wa kabila ambalo Waisraeli walikuwa na uadui nalo wa siku nyingi. Huyo ndiye aliyeingia shambani mwa Boazi nyuma ya wavunaji; na Boazi hakutosheka na kumruhusu, aliwaagiza vijana wake wavute masuke kutoka ndani ya miganda na kuyadondosha makusudi, ili yule mwanamke ayaokote bila ya kuona haya. Katika uzao wa mgeni huyo alizaliwa mfalme Daudi. Watu wanaoamua kwamba siku ya kukumbuka kupewa sheria yao wasome kisa cha mwanamke wa kigeni akiokota masazo, wamejihukumu wenyewe kwa haki kubwa, na mimi sijui taifa jingine lililojitia katika darasa gumu namna hiyo kila mwaka.

Mlango uo huo wa 19 wa Mambo ya Walawi, usiohitaji zaidi ya kurasa mbili za Biblia, hauishii kwenye masazo. Unamkataza mtu kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Unamwamuru ampende jirani yake kama nafsi yake, kisha kwa kuogopa kwamba neno jirani litafasiriwa kuwa ni mtu wa ukoo, unarudi na kumtaja mgeni kwa sharti lile lile. Na mwisho wake kabisa unataja mizani ya haki, mawe ya haki na vibaba vya haki. Nimekaa na aya hizo nikiwa nimewaona vibarua wa palizi wakizungushwa kwa ujira wao hadi mavuno, na nikiwa nimeuona ufungaji wa lumbesa, ambao mkulima huujua kama aujuavyo mgongo wake: gunia likisha kujaa huongezewa kilemba, likashonwa kwa kamba hata likawa na kichwa kama cha mtu, na bei ikabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu imelikataza jambo hilo, na bado linaendelea. Torati ingemwambia mnunuzi huyo kwamba hajakosa mbele ya afisa wa vipimo tu, kwa sababu mizani imewekwa katika orodha moja na kumpenda jirani, na anayejaza lumbesa Jumatatu hawezi kudai kwamba amempenda jirani yake Jumapili. Wala mkulima asijione yuko salama. Yeye anayeficha mahindi mabovu chini ya gunia ana mlango wake katika aya hiyo hiyo.

Juu ya Sabato nitapita haraka, kwa kuwa ndugu zetu Wasabato, walioanza kazi yao Upare mwaka 1903, wamekwisha kuifundisha nchi hii thamani ya siku ya saba. Nitaongeza jambo moja linalosahauliwa: kwamba amri haikumpumzisha bwana peke yake, ilimtaja mtumwa, mgeni, na hata ng'ombe. Mwenye jozi ya maksai azingatie. Na ardhi nayo ilipewa mapumziko yake, mwaka mmoja kati ya saba, jambo ambalo wazee wa Ufipa juu, waliokuwa wakifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo na kisha kuuacha udongo ujirudie, wasingehitaji kuelezwa.

Lakini katika sikukuu zote iliyo karibu zaidi na macho ya mtu wa Muze ni Sikukuu ya Vibanda. Wakati nafaka imekwisha kuingia ghalani na mvinyo umekwisha kukamuliwa, wakati ambapo kila mwenye nyumba njema angependa kukaa ndani yake na kufurahi, Myahudi hutoka nje akajijengea kibanda cha kuezekwa kwa matawi, kivuli chake kiwe kizito kuliko jua lake, na desturi njema ikawa kwamba usiku nyota zionekane kupitia paa. Akala humo siku saba, na wengine wakalala humo, kwa kukumbuka kuwa wazee wake walikaa vibandani jangwani. Mkulima wa bonde hili anakijua kibanda cha namna hiyo. Miezi kadhaa amekesha juu ya dungu akiwafukuza nyani na ndege, mvua ikimpiga ubavuni. Mavuno yakisha, hushuka dunguni na kulisahau, na fedha za mauzo zikimfikia ndipo aghalabu anapojiona mtu mwingine, asiyejuana na mwenzake aliyekesha kwenye dungu la jirani ambaye mwaka huu mvua haikumwendea vizuri. Sikukuu ya Vibanda humrudisha mtu dunguni wakati ambapo ghala limejaa. Kwa hekima hiyo hiyo Wayahudi huiweka sala yao ndefu ya chakula baada ya kula, wakifuata mlango wa 8 wa Kumbukumbu la Torati, kwa maana mwenye njaa humkumbuka Mola bila ya kufundishwa, bali aliyeshiba, akajenga nyumba nzuri na mifugo yake ikaongezeka, huyo ndiye aliye katika hatari ya kudhani kuwa mkono wake ndio uliofanya yote.

Wala haya si mambo ya ng'ambo. Katika vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, wamo Wayahudi Waafrika, wakulima kama sisi, wajulikanao kwa jina la Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki, kisha akavunjwa moyo nao. Aliposhika Biblia na kuisoma kwa makini, aliamua kuifuata Torati kama ilivyoandikwa, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928, na jamaa aliyoiacha ikadumu katika mashamba yake ya ndizi na kahawa bila ya kuungwa mkono na taifa lolote. Idi Amin alipotwaa serikali mwaka 1971 akaipiga marufuku dini yao; masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha imani kwa khofu, na waliobaki wakasali kwa siri.

Utawala huo uliangushwa na majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka ilikuwa ikiingia. Pasaka ndiyo usiku ambao mtoto mdogo huuliza maswali, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu hukaa mezani, wenye njaa hualikwa waje kula, na kila mtu, wa kizazi chochote, hupaswa kujihesabu kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Kwa Abayudaya fundisho hilo halikuhitaji kujikalifu kwa fikira. Walikuwa wametoka kweli, siku hiyo hiyo, na waliowafungulia mlango walikuwa vijana wa Kitanzania, ambao wengi wao bila shaka hawakujua kwamba vilimani Mbale wako watu wanaoingoja Pasaka. Ningependa jambo hilo lifundishwe katika shule zetu, kwa kuwa katika vita ile iliyotugharimu sana tumezoea kuhesabu hasara, na ni haki ya watoto wajue pia uhuru ulioingia nyumba za watu.

Na watu hao waliofunguliwa wakafanya nini? Mwaka 2004 walishirikiana na jirani zao Waislamu na Wakristo kuanzisha chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ili mazao ya wote yauzwe pamoja kwa bei ya haki. Mwanazuoni mkubwa Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204 na aliyeandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, aliipanga sadaka katika daraja nane, na ya juu kabisa akasema ni kumshika mkono mwenzako kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa kazi au kwa kushirikiana naye katika biashara, hata asihitaji kuomba tena. Kwa kipimo hicho ushirika wa Mbale ni ibada, na vyama vyetu vya ushirika vya Rukwa, vingeongozwa kwa uaminifu, vingekuwa ibada pia.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Siku ya Upatanisho, tarehe kumi ya mwezi wao wa Tishri, Wayahudi hufunga tangu jua halijazama hadi usiku wa siku ya pili, na alasiri hukisoma kitabu cha Yona, yaani Nabii Yunus, aliyechukia kuona watu wa mji wa adui wakisamehewa. Lakini Mishna imetangaza kwamba siku hiyo husafisha makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mwenzake haisafishi hata kidogo, mpaka kwanza amwendee mwenzake na kumridhisha. Na Musa bin Maimun akaeleza namna ya kwenda: akikataliwa, arudi na rafiki zake watatu, akikataliwa tena, arudi mara ya pili na ya tatu, ikiwa bado, amwache, na dhambi imhamie asiyetaka kusamehe. Siku tano baada ya mfungo huo huanza Sikukuu ya Vibanda, na ikiisha, ndipo husaliwa sala ya kuomba mvua. Mpango huo sidhani kuwa ni wa bahati: kupatana kwanza, kisha kukumbuka unyonge, na mwisho kabisa kuomba mvua.

Kwao sala hiyo huangukia Septemba mwishoni au Oktoba. Kwetu mvua huja Novemba. Nawasihi wazee wa Muze na wa kata zote za bonde, nawasihi mapadri, wachungaji na masheikh, kwamba kabla hatujaingia makanisani na misikitini kuomba mvua ya msimu ujao, waitwe wakulima na wafugaji wenye kesi za ng'ombe na mipaka, waende wao kwa wao pamoja na marafiki watatu watatu, warudi mara ya pili na ya tatu, na vibarua wanaodai palizi ya mwaka jana walipwe ujira wao. Ndipo sala iombwe.